Mistari ya Kahawia

Nijicheke mwenyewe kwanza. Juzi bwana mpima ardhi alitangulia kijijini Igowole kwa pikipiki, akaniachia mimi, mnyapara wake, wapagazi, hema lake na ramani.

"Unajua kuisoma?" aliniuliza kabla ya kuondoka.

"Sana, bwana!" Nami sikuwa nimewahi hata kuishika.

Mvua ilikuwa inanukia, nikataka tufike upesi. Nikaona kwenye ramani mahali mistari ya kahawia imebanana. Njia zetu ni za udongo wa kahawia, nikaamini pale pana njia tele. "Haya, kazeni mwendo!"

Tukatokea ukingoni mwa genge refu. Chini kabisa bwana alikuwa akitutazama kwa darubini, mvua ikimnyeshea.

"Mistari hiyo ni kimo cha mlima," akasema mpishi wake kando yangu, sufuria kichwani. "Ikibanana, ni genge."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema unajua sana, mnyapara?"