Nilimwambia Hata Mimi Siwezi Kusoma Barua Zake

Admin, jina langu usilitaje. Nina miaka hamsini na tatu, naishi Migori na mke wangu na watoto watatu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilisimamia kompyuta katika ofisi ya mradi mmoja Homa Bay. Ilikuwa moja tu, ya Linux, na kila mfanyakazi alikuwa na neno lake la siri. Mimi ndiye niliyepanga nani asome faili gani na nani asiguse, na kusema kweli kazi hiyo ilinipanda kichwani. Mke wangu, kabla hatujaoana, alikuwa karani wetu. Saa ya chakula alimwandikia dada yake barua kwenye kompyuta hiyo. Siku moja akaniomba nizifunge, azione yeye peke yake, kwa sababu baba yake alikuwa akifungua barua za mama yake na nyumba haikuwa na amani. Nikaweka ruhusa akiangalia. Akauliza, "Hata wewe huwezi soma?"

"Hata mimi."

Nilidanganya. Msimamizi wa mfumo hazuiwi na ruhusa hizo. Nilikuwa nampenda hadi nakosa usingizi, naye alikuwa na mwalimu fulani wa Uriri. Nikazisoma zote. Alimwambia dada yake kwamba anataka kusomea uuguzi hata akiolewa, ila anaogopa kumwambia mwanaume yeyote. Wiki hiyo hiyo nikamwambia, kama mtu aliyewaza mwenyewe, kwamba mke wangu nitamsomesha uuguzi. Alilia. Mwalimu akaachwa. Na nilimsomesha kweli, jamani, hilo msininyime. Mpaka leo kanisani husimulia kwamba Mungu ndiye aliyenionyesha moyo wake, nami huitikia amina.

Sasa binti yetu anasomea kompyuta. Sabato iliyopita tukila, akatueleza kwamba msimamizi wa mashine husoma kila kitu, hata kilichofungwa. Mke wangu akaanza kukusanya sahani. Tulipobaki wawili akaniuliza polepole, "Baba Akinyi, zile barua zangu za Homa Bay, ulikuwa unazisoma?"

Nikasema ni zamani, nimesahau. Hajarudia swali. Anapika, ananisalimia, lakini simu yake sasa anaingia nayo hadi bafuni.

Nikikana, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili. Nikikubali, ataona kwamba hakunichagua, nilimchezea tu, na naogopa ataondoka. Nishaurini, nimwambie kwa mdomo wangu au nisubiri ayakute hapa? Yeye pia husoma page hii.