Macho ya Binti Yangu Siku ya Sendofu

Mimi shule niliishia darasa la saba, na sijawahi kulificha hilo. Lakini nenda pale Njoro uulize ni nani anapaka rangi gari mpaka mwenyewe anasahau liligongwa wapi. Utaletwa kwangu. Gereji nimeijenga mwenyewe, nyumba ya Rau nimeijenga mwenyewe, na siku ya sendofu ya binti yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, macho yake niliyapaka mwenyewe. Hilo la mwisho watu hawaliamini, ndiyo maana naliandika.

Asubuhi ile, baada ya mvua kubwa, mpambaji alipiga simu kwamba amekwama kwenye tope huko Sanya Juu, hatafika. Binti akakaa kitandani akalia. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, ndiye aliyekuwa wa kumbariki mbele ya watu, na alishatangaza kwamba akikuta uso umepakwa kama kinyago, habariki mtu, anarudi mlimani kwenye migomba yake. Binti naye alitaka macho ya moshi, yale laini, weusi unaofifia taratibu mpaka unapotea. Mpambaji yule alikuwa akiyaweza.

Nikasema niletewe hivyo vibrashi. Mke wangu akanitazama.

"Huyu ni mtoto, siyo bampa."

Nikamwambia rangi ni rangi. Nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu. Nikaanza na poda nyembamba, maana hakuna rangi inayokaa vizuri bila kitu chini yake. Kisha kahawia juu ya kope, kisha wanja kidogo kabisa pale nywele za kope zinapoota, halafu pale rangi hizo mbili zinapokutana nikapasugua kwa brashi kavu, duara ndogondogo, mkono mwepesi kama unapuliza.

"Usipumue," nikasema.

"Nani asipumue, Baba, mimi au wewe?"

Kweli, mimi ndiye niliyekuwa nimebana pumzi, kama nimeshika bomba la rangi. Tukacheka mpaka brashi ikaanguka.

Nilipomaliza nilipiga mluzi. Mke wangu alipiga makofi. Tukamtoa binti nje aonekane, na pale mlangoni makofi yakaisha. Kwenye mwanga wa mchana alikuwa kama mtu aliyetoka kupigana kilabuni kwenye pombe ya mbege. Akajitazama kwenye kioo, akamrudishia mama yake.

Kosa lilikuwa langu. Miaka yote nawafokea mafundi wangu wasihukumu rangi chini ya taa, watoe gari juani. Mimi, kwa furaha, nikahukumu chini ya balbu ya chumbani!

Nikamkalisha kwenye kigoda uani, karibu na migomba, jua lilikuwa limeshatoka. Nikafuta kwa pamba na mafuta, nikaanza upya. Safari hii kila nikipaka narudi nyuma hatua tatu, namtazama kushoto, namtazama kulia, nainama kama nakagua mlango wa gari. Weusi ukabaki kidogo tu, kama kivuli cha jani.

Nilikuwa bado nimeinama mama yangu alipoingia getini. Binti akasimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye jua, upande huu, kisha ule, vilevile kama nilivyofanya mimi. "Nilisikia utapakwa."

"Nimepakwa, Bibi. Baba ndiye amenipaka."

Mama akaitazama mikono yangu, kucha zenye rangi isiyotoka hata kwa petroli. Akarudi kwenye macho ya mjukuu wake, akasogea mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Mbona sioni inapoanzia?"

Nimepaka magari ya watu wakubwa mji huu, na hakuna aliyewahi kunisifu vile. Nilicheza pale uani nikiwa na kandambili. Na jioni ukumbini mama aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yangu, akabariki kwa Kichagga, kisha kwa Kiswahili, mpaka chakula kikapoa.