Bolti za Ukumbi wa Mihadhara

Nilifungua bolti ya kwanza Jumamosi mchana, wanachuo wakiwa kwenye shamba la pamba la chuo. Spana iliniponyoka mara mbili. Mabenchi ya ukumbi ule yalifungwa sakafuni tangu chuo chetu cha ualimu kijengwe hapo Shinyanga, yote yakitazama ubao. Mimi, mkufunzi mpya niliyetoka chuo kikuu, niliuliza: mwalimu atajifunzaje kuzungumza na watoto ikiwa yeye mwenyewe anafundishwa akitazama kisogo cha mwenzake? Mkuu wa chuo alinijibu, "Andika barua." Niliandika. Haikujibiwa. Nikaazima spana kwa fundi baiskeli wa sokoni.

Jumatatu mkuu alisimama mlangoni, akaona mabenchi yamezunguka kama watu wanaoota moto. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kijana, hiyo ni mali ya umma. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Utamweleza wewe."

Miaka ile ya kusaka wahujumu uchumi, neno "mhujumu" lilitoka vinywani upesi, na aliyepachikwa hakulibandua kirahisi.

Alhamisi mkaguzi aliketi dirishani, daftari pajani. Niliwauliza wanachuo: mtoto aliyechunga ng'ombe tangu alfajiri akisinzia darasani, utamfanyaje? Nikauliza tena. Mwanamume mmoja, ambaye siku zote hakuishiwa maneno, alikuwa amegeukia ukuta. Mbele yake, upande wa pili wa duara, mama aliyetoka huko Kharumwa alijifunika kanga mpaka puani. Wengine walitazama miguu yao. Mkaguzi aliandika.

"Ndugu Mkufunzi, unatuua," dada aliyeketi karibu nami alininong'oneza. "Yule mwanamume ni mkwe wa huyu mama, kamwoa binti yake. Kwa mila, watatazamanaje usoni?"

"Na siku zote?"

"Siku zote wanatazama ubao!"

Nilizaliwa mjini, dukani kwa baba. Mila za vijijini nilizijua kwa kusikia tu. Niliamini mistari ile ya mabenchi iliwekwa ili kutunyamazisha. Kumbe ndiyo iliyowawezesha hawa wawili kusoma chumba kimoja.

"Geuzeni benchi langu," mama alisema ndani ya kanga.

"Haya, wanaume! Mama kasema!" dada yule alipaza sauti.

Wawili walilibeba, wakalipeleka nyuma ya benchi la mkwe wake, migongo ikaelekeana. Mama akauambia ukuta wa pili, "Mtoto huyo apewe maji, anawe uso, aulizwe amekula nini."

"Mimi ningemwacha alale," mkwe aliujibu ukuta wake.

"Mwambieni aliyesema hivyo, ndiyo maana wajukuu wangu hawajui kusoma!"

Ukumbi ukaangua kicheko, na baada ya hapo sikuweza kuwanyamazisha.

Nje, mkaguzi alinisimamisha. "Bolti ziko wapi?"

Nilimletea kopo la maziwa nililozitia. Alilitikisa, akasikiliza.

"Usizipoteze," alisema, akapanda gari.

Nizitunze ili nizirudishe, au ziwe ushahidi? Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikuthubutu kuliuliza. Ripoti haikuja muhula ule. Mabenchi yaliendelea kuhama, na kila asubuhi niliuliza kwanza nani hawezi kutazamana na nani. Lakini kila gari lilipopunguza mwendo getini, nilichungulia dirishani. Kopo lilikaa chini ya kitanda changu, na spana ya fundi baiskeli sikuirudisha, nisije nikaamriwa kuzifunga upya.