Bi Pindo na Koti la Malaika

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani, na kama hujawahi kushonewa naye basi hujui adha ya kubishana na mtu mwenye pini kumi mdomoni. Alizibana kwa midomo, akaongea nawe kwa pembeni, na kila neno lilieleweka, hasa yale ya kukusema. Duka lake lilikuwa chumba kimoja: cherehani ya miguu dirishani, pasi juu ya kabati, na kioo kirefu chenye ufa ambacho alikataa kukibadilisha kwa sababu, alidai, kioo kizima kinawapa wateja kiburi.

Alikuwa na sharti moja. Kila nguo aliishona kwanza kwa bandi, ule mshono mrefu wa muda, wa uzi mweupe unaokatika ukiuvuta. Mteja aivae, ainue mikono, akae, kisha acheke. Si kutabasamu, kicheko cha kutoka tumboni. Mtu akicheka ndipo fundi anaona nguo inambana wapi. Asiyecheka hakumaliziwa nguo yake. Karani mmoja alikaa na suruali ya bandi miezi minne, anatembea kwa tahadhari, mpaka mkewe alipojifungua mapacha ndipo akacheka. Sharti hilo Bi Pindo alilirithi kwa bibi yake, na hakuwahi kulilegeza kwa mtu.

Sasa, mji huo ulitawaliwa na Malkia mnyonya damu. Usishtuke, wenyewe walishazoea. Kila mtu mzima alitoa kikombe kimoja cha damu kwa mwaka pale zahanati, akapewa biskuti mbili, akaenda zake. Malkia alikuwa na miaka mia tatu na ushei, na uso wa mwanamke wa thelathini. Jua lingemuunguza, kioo hakikumwonyesha, na hakuweza kuvuka kizingiti cha mtu mpaka mwenye nyumba amwambie karibu. Kwa hiyo, pamoja na ukali wake wote, maisha yake yalikuwa ya kusimama milangoni kwa watu, akipiga hodi na kungoja. Jambo hilo lilimkera kuliko yote.

Basi mwaka huo malaika akaanguka. Aliangukia bustani ya ikulu jioni moja, jua limeshazama, juu ya kamba ya nguo, akajizongazonga na mashuka. Kabla hajajinasua Malkia alikwishamtia mnyororo mguuni na kutangaza kwamba ni wake. Na aliposema wake, hakutania. Mtumishi aliyemtazama malaika mara mbili alihamishiwa jikoni. Aliyemtazama mara tatu alihamishwa mji.

Habari zote hizo aliziokota wifi yake Bi Pindo, aliyekuwa dobi wa ikulu, na yeye ndiye aliyekuja na wito.

"Wifi, unatakiwa ikulu. Koti la harusi. Keshokutwa Malkia anaoa."

"Anaolewa, unataka kusema."

"Anaoa. Kambishie wewe mwenyewe."

"Na bwana harusi anasemaje?"

"Atasema nini na mnyororo mguuni? Tangu aanguke hajacheka hata siku moja."

Bi Pindo akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. Mtu asiyecheka alimtia wasiwasi wa kikazi.

Chumba alichoingizwa kilikuwa na mapazia mazito ya tabaka tatu, na taa zinawaka saa nne asubuhi. Malaika alikuwa amekaa kitini: kijana mrefu, mbawa zimekunjwa mgongoni, macho sakafuni. Kila kitu kilichomzunguka kilikuwa na maandishi ya rangi nyekundu. Kiti, mali ya Malkia. Kikombe, mali ya Malkia. Hata kitana kilikuwa kimeandikwa, kwa herufi ndogo ndogo za kujibana. Malkia mwenyewe alisimama nyuma ya kiti hicho kama mtu anayelinda nafasi kwenye foleni. Alivaa joho jeusi, na Bi Pindo alipolitazama lile joho akaona jambo, akafungua mdomo, akakumbuka yuko wapi, akaufunga.

"Liwe koti zito," alisema Malkia. "Mgongoni pasiwe na upenyo wowote wa mbawa. Mishono miwili miwili. Akishalivaa, halivui tena."

Hilo halikuwa koti, ilikuwa jela yenye kola. Miaka arobaini alishonea watu, wanene kwa wembamba, na hajawahi kushona nguo ya kumuumiza aliyeivaa. Lakini bawabu alikuwa mlangoni, na Malkia alikuwa na meno, kwa hiyo akachomoa futi shingoni na kusema ngoja nimpime kwanza.

"Usimguse," alisema Malkia.

"Nitampimaje, Mtukufu?"

"Nitampima mimi."

Looo, kazi ilikuwa hapo. Malkia alianza kupima kifua kwa kushika futi kichwa chini, akapata inchi nne. Alipopima kiuno alijifunga humo humo na malaika, ikabidi Bi Pindo amwelekeze kwa mbali, apite kushoto, ainame, hapana, kushoto kwingine, mpaka akatoka. Alipofika begani akaiacha futi ining'inie.

"Bega inchi ngapi?" aliuliza Bi Pindo, penseli mkononi.

"Zuri," alisema Malkia.

"Inchi ngapi, Mtukufu?"

"Nimesahau kuangalia."

Bi Pindo akainua macho kutoka kwenye daftari. Kumbe huyu mwanamke anampenda kwelikweli, akajisemea, wala hana habari kwamba mtu hafungiwi kabatini. Akamwonea huruma, kisha akajikasirikia kwa kumwonea huruma, akaandika kipimo cha bega kwa kukisia.

Usiku mmoja na mchana mmoja cherehani haikutulia. Siku ya harusi, alasiri, Bi Pindo akarudi na koti. Lilikuwa zuri, tusiseme uongo. Mgongo ulikuwa umeungwa kwa bandi tu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi, unaonekana toka mlangoni. Malkia akamvika malaika kwa mikono yake. Mbawa zikabanwa, na kijana akawa na uso wa mtu aliyevaa kiatu cha mdogo wake.

"Maliza kushona," alisema Malkia.

"Bado hajacheka."

Bi Pindo akaeleza sharti lake. Malkia akamgeukia malaika. "Cheka," akaamuru. Malaika akajaribu, maskini, akatoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

"Amecheka. Shona."

"Hicho si kicheko, Mtukufu. Mimi sishoni."

"Nitakuuma."

Hapo, ndugu yangu, mtu mwenye akili angeshona. Bi Pindo alikuwa na woga wa kutosha. Lakini akamtazama kijana aliyebanwa ndani ya kazi ya mikono yake, na hasira ikampanda mpaka ikaupita woga.

"Niume basi," akasema. "Niishi milele, nishone milele kwa macho haya mabovu, na kila siku nije hapa kukwambia lile ambalo watu wako wote wameogopa kukwambia. Joho lako umeligeuza. La ndani liko nje. Mishono yote tunaiona, na mfuko unaning'inia hapo kiunoni."

Malkia akajishika kiunoni, akakuta mfuko.

"Tangu lini?" aliuliza taratibu.

Bawabu akakohoa pale mlangoni. "Mtukufu, mimi nimeajiriwa nikakuta hivyo. Babu yangu naye alikuwa bawabu hapa. Naye alikuta hivyo."

Malaika akatoa sauti. Akajiziba mdomo, mabega yakaanza kuruka, kisha ikamshinda. Alicheka kicheko cha tumboni chenye machozi, akajikunja, akanyooka, na bandi ikakatika yote kwa mpigo. Mbawa zikafunguka ukuta hadi ukuta, vikombe vya mali ya Malkia vikaruka huku na huku, mnyororo ukakatika kama uzi, na kijana akapaa hadi kwenye dirisha la juu lililofunikwa pazia. Akashika ukingo wa pazia. Nje jua la alasiri lilikuwa kali.

Wote watatu chini walielewa. Akivuta tu, yuko huru, na Malkia ni majivu.

Malkia hakukimbia. Alisimama pale, mfuko mkononi, akimtazama. Malaika naye akamtazama muda mrefu. Halafu akaliachia pazia, akashuka.

"Sikuanguka kwa bahati mbaya," alimwambia. Alikuwa bado anahema kwa kucheka. "Nilikuwa nakuchungulia kila jioni, jua likishazama, ukimwagilia maua yako na kuyagombeza. Siku hiyo niliamua kushuka, nikainama mno. Nilikuwa nakuja kwako, na wewe ukanifunga mnyororo kabla sijakusalimia."

Malkia akautazama mnyororo uliokatika pale sakafuni.

"Ungeniuliza tu," alisema malaika. "Ningekaa."

Malkia akavua ufunguo wa mlango shingoni. Ilimchukua muda, maana mkono mmoja ulikuwa unatoa na mwingine unashikilia. Mwishowe akampa. Malaika akatoka, na akaufunga mlango nyuma yake polepole, kwa uangalifu, jua lisije likapenya.

Wakabaki wanawake wawili na bawabu. Bi Pindo, kwa kuwa hakujua la kufanya na mtu anayelia, akafanya analolijua. Akamvua Malkia joho, akaligeuza, akamvika tena, akaona kiuno kimezidi, akakipunguza kwa bandi ya uzi mweupe.

"Atarudi?" aliuliza Malkia.

"Mimi fundi wa nguo, binti yangu," alisema Bi Pindo, na hakushtuka kwamba amemwita hivyo. "Inua mikono."

"Utanimalizia lini?"

"Sharti unalijua."

"Sijacheka tangu nilipoumwa shingoni nikazaliwa mara ya pili."

"Basi utavaa bandi."

Wakakaa. Bawabu akaleta chai, akainywa mwenyewe. Bi Pindo alikuwa na kazi za watu zinamngoja dukani, lakini hakuondoka. Jua likashuka, mstari wa mwanga chini ya mlango ukafifia, ukafutika. Malkia alikuwa amekaa wima, hatazami mlango, kwa namna ambayo kila mtu aliona anautazama.

Mlango ukagongwa.

"Hodi," ilisema sauti ya malaika. "Jamani, naweza kuingia?"

Ufunguo alikuwa nao yeye. Angeweza kufungua tu akaingia. Malkia akautazama ule mlango, yeye aliyepiga hodi milangoni kwa watu miaka mia tatu, na ambaye hakuna aliyewahi kumpigia hodi kwa hiari yake. Kitu kikamtekenya kooni. Kikashuka, kikapanda tena, na Malkia akaangua kicheko, meno yote nje, akishika mbavu, anataka kusema karibu na hawezi.

"Karibu," alifaulu hatimaye. "Karibu, karibu."

Bi Pindo akamtazama pembeni mwa kiuno, akaona pale joho linapobana. Akavaa miwani, akatunga uzi mweusi kwenye sindano.