Jani la Baba Mkwe

Mtaalamu wa majani hulamba mawe. Hlengiwe, msaidizi wake pale makumbusho, ameshazoea: ulimi ukipita, mishipa ya jani la kale lililoganda jiweni, lililotoweka duniani pamoja na ukoo wake wote, hujitokeza, kisha jicho moja hufumbwa na sindano hufuata mshipa mmoja mmoja, huku akilibembeleza, "Sema, mama, wewe ni nani?" Hata mchicha wa mchana huuinua kwanza dirishani. Mtaalamu alipopata jani lisilofanana na lolote, alilipa jina la baba mkwe wake, maana jiwe lilitoka shambani kwa mzee. Kuliandika jina hilo hakukumsumbua.

Siku ya kulitangaza, mzee alikaa mbele kabisa, ndani ya suti mpya. "Jani hili linaitwa..." Mtaalamu akakwama. Kwa Wazulu, mkazamwana hatamki jina la baba mkwe wake. "Linaitwa... huyo aliyekaa mbele."

"Makoti!" mzee akanguruma, akimwita mkazamwana wake kwa Kizulu. "Ukinitaja nakurudisha kwenu. Usiponitaja, suti hii nimevaa ya nini?"

Hlengiwe akauma midomo asicheke. Kwa kuchanganyikiwa, mtaalamu akafanya alilozoea: akaliinua jiwe, akalilamba.

"Yesu wangu!" mzee akaruka. "Kunitaja hawezi, kunilamba anaweza!"