Wakia ya Jumamosi

Siku niliyomwona Silas Tyson kwa mara ya kwanza, alikuwa anabomoa ukuta. Mgodi wa chuma nilikofanya kazi tangu nitoke shule ulikuwa umefungwa, nikaambiwa kwamba huko juu kwa Lanty Dargue, mfuga kondoo, kuna fundi wa kuta za mawe anayetafuta msaidizi. Nikapanda mlima katika manyunyu. Nikamkuta mzee mfupi, mabega mapana, kiko cha tumbaku mdomoni, anang'oa jiwe moja moja na kulitupa majanini. Njiani nilikuwa nimejipangia maneno ya kumwambia. Nilipomfikia, yote yakanitoka.

Akaanza yeye. Alichota udongo kutoka katikati ya ukuta akauweka kwenye kiganja changu.

"Unaona? Huu si ukuta, ni kaburi la mtu mvivu."

Mtu aliyemsaidia kabla yangu ndiye aliyeutia ule udongo, ili amalize mapema. Silas alikuwa amemfukuza asubuhi ileile. Kuta za kwetu hazitiwi chokaa wala saruji. Ni mawe makavu yanayoshikana yenyewe, uso huku na uso kule, na katikati vijiwe vya kujazia. Silas akaniambia kwamba ukuta una nyuso mbili na tumbo, na tumboni hakiingii kitu ila jiwe. Udongo hauingii, majani hayaingii, hata mfupa wa chakula cha mchana hauingii. Kikiingia kitu chochote kinachobonyea, baridi ikija ukuta utaota kitambi, kisha utalala chini.

"Ukiweza kulikumbuka hilo moja," akasema, "vua koti."

Nikavua koti. Sikuulizwa jina mpaka saa ya chai.

Saa ya chai ndipo nilipomwona akitengeneza kiko. Tumbaku yetu ni nyeusi, imesokotwa kama kamba ya mashua na ina mafuta mafuta. Silas aliitoa mfukoni, akaikata kwa kisu visahani vyembamba, akavisugua kiganjani mpaka vikawa nyuzi, akazianika juu ya jiwe bapa pasipofika mvua wakati anakula mkate wake na jibini. Alipomaliza kula, nyuzi zilikuwa zimekauka kiasi chake. Akashindilia kiko kwa kidole gumba, akawasha, akafunika kwa kofia ili mvua isiingie.

Mimi tumbaku hiyohiyo niliijua kwa kuitafuna, maana chini mgodini hatukuvuta. Silas aliponiona natafuna, alitikisa kichwa.

"Ned, wewe unacheua kama kondoo wa Dargue. Hebu chukua."

Akanipa kiko chake. Nikavuta kama mtu anavyovuta sigara. Milima ikazunguka, nikakaa chini penye maji. Silas hakucheka. Alinieleza kwamba tumbaku ile ni kali, haitaki kuvutwa kwa pupa. Unaivuta kidogo, unaiacha ipumue, unaivuta tena kabla haijazimika. Ukienda nayo hivyo, nyuma ya ule ukali unakuja utamu kidogo, na nyuma ya utamu harufu ya ua, kama vile mtu amepita chumbani na ua la jeraniamu halafu akatoka. Kiko kimoja cha Silas kilimaliza mapumziko yote na bado kilikuwa na moto tulipoinuka. Sijaona mtu mwingine aliyevuta polepole vile.

Tumbaku hiyo iliuzwa bondeni na mtu mmoja tu, Ruth Airey, mjane wa tarishi, mwenye duka karibu na daraja. Kila Jumamosi mchana, tukimaliza kazi, tuliteremka pamoja. Silas alinawa uso mtoni kwanza. Mimi sikunawa, na yeye hakuniambia ninawe.

Mazungumzo yao niliyajua kwa moyo.

"Wakia moja, Mama Airey."

"Ile ile?"

"Ile ile."

Basi. Mama Airey aliteremsha rundo la ile kamba ya tumbaku, akakata, akapima, akafunga kwa karatasi ya kahawia na uzi mweupe. Fundo lake lilikuwa na vitanzi viwili vilivyosimama kama masikio ya sungura, hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Silas alipokea, akaenda kusimama karibu na jiko la makaa, eti anakausha koti. Alisimama pale hata kama siku ilikuwa ya jua. Mama Airey alihudumia wengine, na mara mojamoja alimuuliza wamefika wapi na ukuta, naye akajibu wamefika kwenye mti wa mvinje au wamefika kwenye kijito. Kisha alivaa kofia akatoka, na wiki yake ilikuwa imekamilika.

Bonde zima lilijua. Dargue alizoea kusema kwamba siku Silas atakapomposa yule mama, kondoo wake watakuwa wameshakufa kwa uzee na kuzaliwa upya. Silas aliendelea kupanga mawe. Mimi pia ni mtu wa haya, kwa hiyo nilimwelewa. Mtu wa haya anahitaji kazi ya kumpeleka mahali. Hawezi kwenda tu.

Majira ya baridi yaliyofuata, Silas akaanza kukohoa usiku kucha. Dada yake Keziah, waliyekaa naye nyumba moja, alimpeleka kwa daktari kwa nguvu. Daktari akamsikiliza kifua akasema kiko kiwekwe chini, tena siku hiyo hiyo. Keziah akalishika neno la daktari kuliko daktari mwenyewe. Alikagua mifuko ya kaka yake kila jioni, akatazama chini ya godoro, akanusa hata soksi.

Silas aliniambia habari hiyo ukutani, akiwa amekaa bila kitu mdomoni. Uso wake ulionekana kama nyumba iliyoondolewa mlango. Nikamuuliza, basi Jumamosi tunateremkaje?

"Tunateremka kama kawaida," akasema.

"Kununua nini?"

Alitazama upande wa daraja. "Ned, nikiingia mle nisiseme wakia moja, nitasema nini?"

Ningekuwa yeye, nami nisingejua la kusema.

Kwa hiyo aliendelea kununua. Kuvuta aliacha kweli, hilo nashuhudia. Kuipeleka tumbaku nyumbani hakuweza kwa sababu ya Keziah, na kuitupa hakutaka. Nilimwambia anipe mimi, maana siku hizo nami nilikuwa navuta ile ile. Alikataa kwa upole. Alisema, hiyo Mama Airey kanikatia mimi. Akaleta kopo kubwa la biskuti, akaliweka chini ya gunia karibu na ukuta, na kila Jumamosi, kabla ya kwenda nyumbani, alipanda tena mlima peke yake na kifua chake kile kibovu, akaweka kile kifurushi koponi bila kukifungua.

Ikapita Pasaka, ikapita miezi ya kukata manyoya ya kondoo. Kopo likajaa. Ukuta wetu ulifika juu kabisa, penye mwamba, mwishoni mwa vuli. Siku ya mwisho alinituma chini kuchukua mawe ya kichwani, yale yanayosimamishwa juu ya ukuta kama vitabu. Niliporudi, kopo halikuwepo chini ya gunia. Nilidhani amelizika ardhini. Sikuuliza.

Theluji ilianguka sana mwaka ule. Ilipoanza kuyeyuka, Dargue alikwenda kuhesabu kondoo wake akakuta nusu wamo kwenye shamba lake la majani ya kuvuna, wanakula majani machanga ambayo ng'ombe wangeyahitaji baadaye. Alifuata nyayo mpaka juu. Penye mwamba ukuta ulikuwa umelala, pengo la kupitisha mkokoteni. Na katikati ya mawe palikuwa na kopo la biskuti, limebonyea kama limekanyagwa na farasi.

Sisi hatukuwa na habari. Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa dukani, Silas ameshapokea wakia yake, yuko karibu na jiko anakausha koti kavu. Mimi nilikuwa nyuma yake, kati ya jiko na magunia ya unga. Kengele ya mlango ikalia, Dargue akaingia na matope mpaka magotini, akaliweka lile kopo juu ya meza ya duka.

"Mama Airey, bidhaa zako zimerudi."

Akalifungua. Ile harufu ikatoka, ukali na ua, ikajaa duka. Vifurushi vyote vilikuwa vizima, kila kimoja na masikio yake ya sungura.

"Silas," Dargue akasema, "nimeona kuta zilizojazwa udongo. Nimeona uliojazwa viatu. Uliojazwa tumbaku ndio nauona leo. Ulitaka ukuta wangu uvute?"

Silas alishika ukingo wa jiko, nadhani bila kujua kwamba ni moto, maana aliuachia haraka. Nilijua ni kitu gani kinamuumiza, na vilikuwa vitu viwili. Ukuta wake ulikuwa umeanguka, yeye ambaye hakuna aliyewahi kuona pengo lake, na umeanguka kwa kosa lile lile alilomfukuzia mtu. Alidhani bati litakuwa gumu kama jiwe. Lakini hilo angelivumilia. Kubwa ni kwamba sasa Mama Airey amejua kuwa hakuja kununua tumbaku, na mtu aliyekuja dukani mwaka mzima si kwa ajili ya tumbaku hana tena ruhusa ya kusimama karibu na jiko.

Mama Airey alifuta mikono kwenye aproni.

"Lanty, umekuja kununua kitu?"

"Hapana, nimeleta tu..."

"Basi nunua au toka."

Dargue si mtu mbaya. Alinunua kiberiti akatoka. Mimi pia nilitaka kutoka, lakini kwa kule nilikosimama ningelazimika kupita katikati yao. Nikabaki nikisoma maandishi ya gunia la unga.

Silas alisema, bila kuinua macho, kwamba pengo lile atalijenga Jumatatu, na hatamdai Dargue kitu. Mama Airey akasema hajauliza habari za pengo.

"Nilijua tangu Pasaka," akasema. "Koti lako halinuki tena. Unakaa hapo penye jiko, koti lina mvuke, na halinuki kitu."

"Mbona uliendelea kunikatia?"

"Na wewe mbona uliendelea kununua?"

Makaa yaliteremka jikoni. Nililisoma lile gunia mpaka jina la kinu.

"Silas Tyson," akasema, "Jumamosi ijayo njoo. Usinunue kitu."

"Sasa nikiingia niseme nini?"

"Sema hujambo. Watu husema hivyo."

Jumatatu tulipanda kwenda kujenga lile pengo. Tulitoa kila kijiwe mpaka msingi, na Silas alijaza tumbo kwa mkono wake, jiwe kwa jiwe, akiligonga kila moja. Kopo alikuwa amenikabidhi mimi. Aliniambia sasa naweza kuivuta ile tumbaku, kwa kuwa yeye amepata la kusema. Jumamosi aliponawa uso mtoni, nilimsikia akilijaribu lile neno moja, mara kwa mara, kama mtoto anayetumwa kwa jirani. Mimi nilibaki darajani.

Walioana vuli iliyofuata, katika kanisa dogo la bondeni, nikawa shahidi. Dargue alileta kondoo wa karamu, akasema ni wa uzao wa tatu. Silas alihamia kwenye vyumba vya juu ya duka. Keziah alikuja kula nao kila Jumapili, na hakuacha kukagua mifuko.

Kifua hakikupona, kilitulia tu kwa muda. Baada ya miaka kadhaa hakuweza kupanda mlima, nikawa nafanya kazi na kijana wa Dargue, na Jumamosi nilipanda ngazi za duka kumweleza tumefika wapi. Aliuliza kila mara kuhusu lile pengo penye mwamba. Kila mara nilimwambia limesimama.

Mara ya mwisho ilikuwa Februari. Alikuwa amelala karibu na dirisha, sauti imekuwa ndogo. Ruth alikuwa chini na wateja, tulisikia kengele. Aliniuliza kama ile tumbaku ya kopo imekwisha. Nikamwambia kimebaki kifurushi kimoja, nimekitunza, nacho nilikuwa nacho mfukoni. Akanyoosha mkono. Alilitazama lile fundo, akalifungua mwenyewe kwa kucha, taratibu, akauviringa uzi kidoleni. Tumbaku akanirudishia.

Nikaikata, nikaisugua, nikaianika kidogo kwenye ukingo wa dirisha. Nikashindilia kiko changu. Kisha nikasita, nikamwambia daktari hatapenda.

"Kaa upande wa dirisha, Ned, uwashe," akasema. "Ila vuta polepole. Na Ruth akiuliza, mwambie mimi nilikuwa nanusa tu."