Kosa la Marehemu

Juzi, kwenye dirisha la karani wa mahakama pale Tarime, mama mmoja mzee alileta rufaa ya mwanawe, aliyefungwa kwa kukutwa na gobore. Aliongezewa miaka kwa kukiri, aliposomewa kumbukumbu za nyuma, kwamba aliwahi kufungwa kwa kosa hilohilo.

"Hajawahi," mama alisema. "Aliyefungwa ni kaka yake, ambaye sasa ni marehemu."

"Mbona alikiri?"

"Angekana, angeulizwa ni nani basi. Kwetu marehemu hasemwi vibaya mbele za watu, mwanangu."

Karani akashika kalamu. "Basi mama, nitajie jina la marehemu niandike."

Mama akatutazama tuliopanga foleni, akaikunja karatasi yake.

"Aliye jela atarudi. Yule mwingine amebakiwa na jina tu."

Sheria imetungwa kuwakomesha wanaorudia makosa. Sijui itamkomesha vipi anayeyarithi.